Kisanduku cha faili kilicho juu ya kabati: hatari ya bafa kufurika na namna ya kujikinga

Wiki kadhaa zilizopita jamaa yangu mmoja, mwenye afisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mbaraki, aliniita nimtazamie kompyuta iliyokuwa nzito. Ya kompyuta yalikuwa madogo, yakaisha kabla chai haijapoa. Nikiwa pale nikaona kisanduku cheusi juu ya kabati, kimejaa vumbi, taa yake ya kijani inamemeta. Nikamuuliza kile ni nini.

"Kile ndicho kinachotuwekea faili zetu zote," akanijibu. "Fundi alikifunga miaka sita sasa, na hakijatusumbua hata siku moja."

Kimewahi kusasishwa? Hajui. Nywila yake? Ni ile ile aliyoiweka fundi. Kinafikika kutoka nje ya afisi? Hapo akatabasamu. "Naam! Hata nikiwa Dubai nafungua faili zangu kwa simu."

Hilo la Dubai ndilo lililonikosesha raha. Mlango unaomwezesha yeye kuingia kutoka Dubai uko wazi kwa dunia nzima kuubisha. Na humo ndani mna hati za shehena, nakala za pasipoti na vitambulisho vya wateja, ankara na mishahara ya wafanyakazi. Hizo ni amana za watu. Ndiyo maana leo nimeona nieleze kwa utulivu aina moja ya kasoro inayovipata visanduku hivi, jinsi inavyofanya kazi, na la kufanya kabla mambo hayajaharibika.

Kisanduku chenyewe ni nini?

Mafundi hukiita NAS. Kwa lugha nyepesi ni kabati la faili linalotumiwa na afisi nzima. Ndani mna diski moja, mbili au zaidi, na nyuma mna waya unaokwenda kwenye ruta. Kila mwenye kompyuta au simu iliyounganishwa na mtandao wa afisi anaweza kuweka faili humo na kuzifungua. Utavikuta visanduku hivi kwa mawakala wa bandarini, kwa wapiga picha wa harusi wenye video nyingi za kuhifadhi, katika zahanati, shule, madrasa, na hata majumbani. Majina yanayojulikana zaidi sokoni ni Synology, QNAP na D-Link kutoka Taiwan, na Western Digital kutoka Marekani.

Wengi hudhani hiyo ni diski tu yenye waya wa mtandao. Sivyo. Ni kompyuta kamili, yenye prosesa, kumbukumbu na mfumo wake wa uendeshaji, ambao mara nyingi hujengwa juu ya Linux. Ndani yake kuna programu ya kushirikisha faili, nyingine ya kuonyesha picha, nyingine ya kutuma kiungo kwa mteja, na ukurasa wa msimamizi. Kila programu kati ya hizo inasikiliza maombi kutoka mtandaoni, kwa hivyo kila moja ni mlango.

Tofauti na kompyuta ya mezani, kisanduku hiki hakina skrini. Kinawaka usiku na mchana, na likija sasisho hakuna anayeuona ujumbe. Kwa sababu hakilalamiki, kinasahaulika.

Bafa ni nini, na hufurika vipi?

Programu inapopokea kitu kutoka kwa mtumiaji, kama jina la faili au nywila, hukiweka kwa muda katika sehemu ya kumbukumbu iliyotengewa kipimo maalumu. Sehemu hiyo huitwa bafa. Mwandishi wa programu huamua mapema: jina la faili halitapita herufi 256, basi natenga nafasi 256. Programu iliyoandikwa vizuri hupima kwanza kilicholetwa. Kikizidi, hukikataa. Iliyoandikwa vibaya hukinakili bila kupima.

Hebu tuchukue mfano wa karani wa ghala. Ana fomu aliyoiandika kwa penseli. Mstari wa kwanza ni wa jina la mwenye mzigo, nao una vyumba 10 vya herufi. Mstari wa pili una maagizo yake mwenyewe: "Ukimaliza, peleka mzigo ghala namba 4." Sasa anakuja mtu na jina lenye herufi 40. Karani huyu hana tabia ya kuhesabu. Ananakili tu. Vyumba 10 vinajaa, herufi zinaingia mstari wa pili na kuyafunika maagizo yaliyokuwapo. Na yule mjanja alizipanga herufi zake makusudi, hata zile za mwisho zikasomeka: "peleka mzigo kwenye lori langu nje ya geti." Karani akimaliza kunakili, anasoma mstari wa pili na kutii. Hakuna kufuli lililovunjwa wala ufunguo ulioibwa.

Ndani ya kompyuta, ule mstari wa pili ni anwani inayoiambia prosesa irudi wapi baada ya kumaliza kazi ndogo. Data ikifurika na kuifunika anwani hiyo, mdukuzi anaweza kuielekeza prosesa kwenye maagizo yake. Maagizo hayo hutekelezwa kwa mamlaka ya programu iliyofurika, na katika visanduku vingi programu hizi huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Hapo mdukuzi anaweza kusoma faili, kuzifuta, kuzifunga kwa msimbo na kudai fidia, au kukitumia kisanduku kama ngazi ya kuzifikia kompyuta nyingine za afisi. Akikosea mpangilio wa herufi zake, mara nyingi programu huanguka tu na kujiwasha upya. Huo ndio unafuu uliopo.

Chanzo cha tatizo ni cha zamani. Programu nyingi za vifaa vidogo huandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni lugha ya kasi na haihitaji kifaa chenye nguvu, ndiyo maana waundaji wanaipenda. Lakini imemwachia mwandishi mwenyewe kazi ya kupima. Ina amri iitwayo strcpy inayonakili maneno kutoka mahali hadi mahali mpaka yaishe, bila kuuliza kama yanakokwenda kuna nafasi ya kutosha. Huyo ndiye karani wetu.

Kisa cha QNAP, Mei 2024

Mfano ulio wazi wa karibuni ni wa QNAP. Watafiti wa kampuni ya usalama ya watchTowr waliuchunguza mfumo wa visanduku hivyo uitwao QTS wakakuta kasoro 15. Tarehe 17 Mei 2024 wakazitangaza. Moja kati yake, iliyopewa namba CVE-2024-27130, ilikuwa ni kufurika kwa bafa, na sababu yake ilikuwa amri hiyo hiyo ya strcpy.

Kasoro ilikaa katika sehemu ambayo wengi huitumia kila siku, ile ya kumtumia mtu wa nje kiungo ili apakue faili. Kiungo hicho hubeba alama maalumu ya siri. Aliyekuwa nayo aliweza kukitumia kisanduku ombi lenye jina refu kupita kiasi. Kisanduku kililinakili jina hilo bila kulipima, nalo likafurika hadi kwenye anwani ya kurudi, sawasawa na fomu ya karani.

Hapa pana la kuzingatia kwa wafanyabiashara wetu. Mdukuzi hakuhitaji nywila yako. Ilitosha apate kiungo ulichomtumia mteja, na kiungo cha namna hiyo kinaweza kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp bila wewe kujua.

QNAP ilitoa sasisho tarehe 21 Mei 2024, siku nne baada ya tangazo. Kampuni ilieleza pia kwamba mifumo yake ya QTS 4 na 5 ina kinga inayochanganya mpangilio wa anwani ndani ya kumbukumbu, hivyo mdukuzi hupata tabu kujua aielekeze prosesa wapi. Ni kinga nzuri, lakini humchelewesha mwizi tu. Tiba yenyewe ni sasisho, na sasisho halimfai aliyeacha kuliweka.

Si jambo geni

Kasoro hii ina umri mkubwa kuliko baadhi yetu. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, aliiachia mtandaoni programu iliyojieneza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Njia yake mojawapo ilikuwa kuishambulia huduma iliyotenga nafasi 512 kwa kuitumia herufi 536. Hizo 24 za ziada zilitosha. Morris alitiwa hatiani mwaka 1990 chini ya sheria ya Marekani ya uhalifu wa kompyuta.

Miaka 29 baadaye historia ikajirudia, safari hii katika huduma ya Windows ya kushirikisha faili, kazi ile ile inayofanywa na visanduku vyetu. Bafa ilifurika pale ilipokosea kukokotoa kipimo. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa limetengeneza zana ya kuitumia kasoro hiyo, iliyoitwa EternalBlue, na Aprili 2017 zana hiyo ikavujishwa. Tarehe 12 Mei 2017 ukalipuka mdudu wa WannaCry, uliofunga faili na kudai fidia. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika, na hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa.

Linalouma ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa sasisho tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia, dawa ilikuwa tayari mezani.

Kuna milango mingine

Haki ni kusema kwamba kufurika kwa bafa si njia pekee ya kuvamia visanduku hivi. Juni 2021 wenye visanduku vya Western Digital vya aina ya My Book Live waliamka wakakuta faili zao zimefutwa kabisa. Kasoro zilizotumika zilikuwa za aina nyingine, lakini sasisho la mwisho la vifaa hivyo lilikuwa la mwaka 2015, na kampuni iliwashauri wenye navyo wavichomoe kwenye intaneti. Januari 2022 likaja genge la DeadBolt lililofunga faili za visanduku vya QNAP na kumtaka kila mwenye kisanduku alipe bitikoini 0.03. Oktoba mwaka huo huo polisi wa Uholanzi walifanikiwa kulihadaa genge hilo likatoa funguo 155 za kufungulia faili. Waliobaki hawakuwa na bahati hiyo.

Visa vyote hivi vina jambo moja lililofanana: kisanduku kilikuwa kinafikika moja kwa moja kutoka intaneti. Aina ya kasoro hubadilika kila mwaka, lakini huo mlango wa nje ndio unaoipa kasoro yoyote nafasi ya kukufikia.

"Mimi mdogo, nani atanitafuta?"

Swali hili nimelisikia mara nyingi, na jamaa yangu naye aliniuliza. Jawabu ni kwamba hakuna anayekutafuta wewe kwa jina. Wadukuzi huendesha programu zinazobisha anwani za intaneti moja baada ya nyingine, dunia nzima, zikiuliza: hapa pana kisanduku cha aina fulani, chenye toleo fulani la zamani? Kikipatikana, shambulio hufuata bila mtu kuamua lolote.

Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, afisi ya Mbaraki iko mlango mmoja na afisi ya London au Singapore. Tumefaidika mno na kasi hiyo. Lakini wanaobisha mlango nao wanafika kwa kasi ile ile.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde ipasavyo. Zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika, anatakiwa amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua, na wenye taarifa nao wajulishwe. Kwa upande wa mvamizi, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaliona kosa la kuingia bila idhini kuwa la faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Lakini tuseme ukweli: mvamizi aliye ng'ambo ya bahari si rahisi kumfikisha mahakamani hapa kwetu. Wewe uliyehifadhi nakala za pasipoti za watu uko hapa, na mteja anaijua afisi yako.

La kufanya

Haya si mambo ya kuhitaji mtaalamu wa Nairobi. Fundi wa kawaida wa mtandao anayamaliza kwa alasiri moja.

1. Funga mlango wa nje. Ingia kwenye ruta, tazama orodha ya milango iliyoelekezwa kwenye kisanduku, uifute. Zima pia kipengele kiitwacho UPnP, kwa sababu huviruhusu vifaa vijifungulie milango bila kukuuliza. Ukihitaji faili zako ukiwa safarini, mwambie fundi akuwekee VPN, njia ya faragha inayokutambua kwanza kabla hujaona chochote cha ndani.

2. Sasisha. Fungua ukurasa wa msimamizi wa kisanduku, tafuta sehemu ya masasisho, weka lililopo, kisha ruhusu yajiwekee yenyewe. Kabla ya kusasisha, hakikisha una nakala ya faili.

3. Ulizia umri wa kifaa. Kampuni hufika mahali ikaacha kutoa masasisho ya modeli za zamani. Aprili 2024, zilipotangazwa kasoro katika visanduku kadhaa vya zamani vya D-Link, jibu la kampuni lilikuwa kwamba muda wake umekwisha, havitasasishwa, na wenye navyo wavistaafishe. Unaponunua kisanduku cha mtumba, bei nafuu isikupofushe. Andika namba ya modeli na utazame kwanza kwenye tovuti ya kampuni kama bado kinahudumiwa.

4. Zima usichokitumia. Kama hutumii programu ya picha, ya muziki au ya kutuma viungo, iondoe. Viungo vya zamani ulivyowatumia wateja vifute, na vipya uviwekee tarehe ya kwisha.

5. Badilisha nywila. Ile aliyoiweka fundi, au iliyokuja na kifaa, haifai. Weka ndefu, na kila mfanyakazi awe na akaunti yake badala ya wote kutumia ya msimamizi.

6. Weka nakala mbali. Kanuni ya mafundi ni ya 3, 2, 1: nakala tatu za faili, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya jengo. Wengi hujidanganya kwamba kisanduku chenye diski mbili zinazoigana tayari kina nakala. Diski hizo hukuokoa moja ikiharibika. Mdukuzi akifuta kwenye ya kwanza, ya pili huiga na kufuta papo hapo. Nakala inayofaa ni ile isiyounganishwa na chochote wakati wa shambulio.

Ukishavamiwa, chomoa waya wa mtandao kwanza. Usikiwashe upya ovyo wala usikirejeshe kwenye hali ya kiwandani kabla fundi hajakitazama, kwa maana unaweza kufuta ushahidi au faili zinazoweza kuokolewa. Usikimbilie kulipa fidia, kwani hakuna dhamana ya kupewa ufunguo. Kisha toa taarifa kwa kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandao, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na uanze kuhesabu zile saa 72 za Kamishna wa Data.

Kwa jamaa yangu ilikuwaje?

Tuliketi naye alasiri ile ile. Kwenye ruta tukakuta milango miwili iliyofunguliwa miaka sita nyuma, mmoja wala hakujua ulikuwa wa kazi gani. Tukaifunga yote miwili. Tulipotafuta sasisho tukakuta modeli yake haihudumiwi tena, basi tukaamua kitumike ndani ya afisi tu mpaka apate fedha za kingine. Safari za Dubai akawekewa VPN. Alinung'unika kidogo kwamba sasa ni lazima abonyeze mara mbili badala ya moja.

Tukanunua diski mbili za nje. Moja hukaa kwenye droo ya afisi, nyingine nyumbani kwake Kibokoni, na kila Alhamisi jioni hubadilishana zamu. Kazi hiyo amempa binti yake, ambaye hasahau.

Watu husema ajali haina kinga. Kwa barabarani huenda ni kweli. Hii ya kisanduku ina kinga, na gharama yake ni alasiri moja na diski mbili. Basi leo ukifika afisini, tazama juu ya kabati. Ukiona taa ya kijani inamemeta, uliza: mara ya mwisho kilisasishwa lini, na mlango wake wa nje uko wazi au umefungwa?